Msaliti Aliyegeuka Mtakatifu: Historia ya Karata Moja ya Taroti

Mchezaji wa karata wa pwani ya Afrika Mashariki hutaja kopa, shupaza, uru na pao bila kujiuliza majina hayo yalitoka wapi. Yalitoka kwa Wareno. Kwa asili kopa ni vikombe, shupaza ni panga, uru ni dhahabu na pao ni fimbo. Leo anayeshika kopa mkononi anaona umbo la moyo, kikombe hakipo, na mchezo unaendelea vizuri tu. Maana ya zamani ilipotea na hakuna aliyeililia. Insha hii inahusu karata nyingine iliyopoteza maana yake, lakini hiyo haikuachwa hivyo. Waliokuja baadaye waliipa maana mpya, kisha wakadai kwamba ndiyo ya asili. Ni karata ya 12 ya taroti, iitwayo Mtu Aliyetundikwa.

Kwanza ni lazima tuondoe dhana moja. Taroti haikuanza kama chombo cha kupigia ramli. Ilianza kama mchezo kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, na miongoni mwa kumbukumbu zake za mwanzo kabisa ni ya Florence ya mwaka 1440. Karata zake ni 78. Kati ya hizo, 56 ni za vikombe, panga, sarafu na fimbo, jamaa wa karibu wa kopa, shupaza, uru na pao zetu. Zilizobaki 22 zina picha, kama vile Papa, Kifo na Jua, na karibu zote zilitumika kama turufu. Mojawapo inaonyesha mwanamume aliyefungwa mguu mmoja juu ya mti, kichwa chini, mguu wa pili umekunjwa.

Ukimwuliza msomaji wa taroti wa leo, atakwambia kwamba karata hii ni subira, kujitoa mhanga, au kuitazama dunia kwa jicho jipya. Katika maandishi ya Italia ya karne ya 16 karata hiyohiyo iliitwa pia Msaliti. Tumetokaje kwa msaliti tukafika kwa mtu mwenye hekima?

Jibu linaanzia kwenye kuta za miji. Tangu karne ya 13, miji mingi ya Italia ilikuwa na adhabu ya kumchora mkosaji hadharani. Msaliti, mlaghai au mfanyabiashara aliyekimbia madeni alichorwa kwenye ukuta wa jengo la serikali, mara nyingi akining'inia kwa mguu mmoja. Adhabu hii iliwafaa zaidi waliotoroka. Mwili wake hukuweza kuupata, lakini jina na sura yake ulivipata, na kila aliyekwenda sokoni alimwona. Mwaka 1440, baada ya vita vya Anghiari, mchoraji Andrea del Castagno aliwachora hivyo watu wa ukoo wa Albizzi na wenzao, maadui wa ukoo wa Medici uliotawala Florence. Kazi hiyo ilimpa jina la utani, Andreino wa Walionyongwa. Katika mji huo na mwaka huo, basi, watu waliocheza taroti walipita pia chini ya ukuta wenye picha za wasaliti. Hawakuhitaji mtu wa kuwafasiria karata ya 12.

Karata moja mashuhuri ya aina hii imo katika seti inayohusishwa na Francesco Sforza, aliyekuwa mtawala wa Milano kuanzia mwaka 1450. Kijana wa kwenye karata hiyo amechorwa juu ya mandhari ya dhahabu, mikono yake ikiwa nyuma ya mgongo. Sasa baba yake Francesco, Muzio Attendolo, alikuwa askari wa kukodiwa. Mwaka 1412 aliacha utumishi wa Yohane XXIII, mmoja wa waliodai upapa wakati Kanisa Katoliki limegawanyika, akahamia kwa mfalme wa Naples. Yohane akaamuru Muzio achorwe mjini Roma akining'inia kwa mguu mmoja, kama msaliti. Miongo michache baadaye, familia ya mtu huyohuyo ikawa na picha ya namna hiyo katika karata zake za kifahari. Hata hivyo, Muzio wa nyumbani kwao hakuwa msaliti. Alikuwa mwanzilishi wa ukoo wa watawala.

Mfano wa pili unatufunza jambo lilelile. Mwaka 1478 ukoo wa Pazzi na wenzao walimuua Giuliano de' Medici kanisani, na Botticelli akalipwa kuwachora waliohusika kwenye ukuta wa Florence. Mwaka 1494 ukoo wa Medici ulifukuzwa mjini, na picha hizo zikafutwa. Makosa ya waliochorwa hayakubadilika hata kidogo. Aliyebadilika ni mwenye ukuta.

Adhabu hii ilikoma polepole, na karata zikabaki zikichapishwa katika nchi zisizokuwa na kumbukumbu yake. Mwaka 1781, mjini Paris, mwanazuoni Antoine Court de Gébelin alidai kwamba taroti ni kitabu cha siri cha Wamisri wa kale. Karata ya 12 ilimtatiza, akaamua kwamba mchapishaji mjinga aliigeuza juu chini. Kwa maoni yake, ilikuwa picha ya Busara: mtu aliyesimama kwa mguu mmoja, akifikiri pa kuuweka wa pili. Wakati huo hakuna mtu Ulaya aliyeweza kusoma maandishi ya Misri ya kale. Champollion alitangaza ugunduzi wake mwaka 1822, na hakuna taroti iliyopatikana humo. Lakini dai lilikwishaenea. Mwaka 1909, karata zilizobuniwa na Arthur Edward Waite na kuchorwa na Pamela Colman Smith zilitolewa London. Safari hii aliyetundikwa alizungushiwa nuru kichwani, kama watakatifu wanavyochorwa makanisani.

Anayeitetea maana mpya anaweza kusema kwamba picha ni mali ya anayeitazama. Nakubali kwa sehemu. Anayepata faraja kwa kuitafakari karata hii hamdhuru mtu, kama vile asiyeona kikombe katika kopa asivyomdhuru mtu. Kosa la Gébelin halikuwa kuipa karata maana yake mwenyewe. Kosa lilikuwa kuwasingizia Wamisri maana hiyo, na kumwita mjinga fundi aliyejua vizuri alichokuwa akikichapisha.

Hata hivyo, sidhani kwamba mwanahistoria anamaliza kazi yake anaposema, "Maana halisi ni msaliti." Hiyo nayo ilikuwa tafsiri, na ilitolewa na waliokuwa na ukuta na fedha za kumlipa mchoraji. Muzio alikuwa msaliti Roma na shujaa kwa wanawe. Hatuna budi kuuliza maswali mawili kwa pamoja: picha hii ilimaanisha nini kwa waliyoitazama kwanza, na nani aliagiza ichorwe? Gébelin hakuuliza hata moja. Tukiuliza la kwanza peke yake, tutakuwa tumeacha ngano ya Paris na kuchukua neno la mwenye ukuta, na mtu aliyetundikwa atakuwa bado hajaulizwa upande wake.