Trekta Kuukuu Huishia Wapi?

Uingereza na Marekani wapo watu wanaokusanya matrekta ya zamani kama wengine wanavyokusanya stempu. Hukutana kwenye magulio yao, kila mmoja na vyuma vyake: huyu ana kabureta asiyoihitaji, yule anatafuta mfuniko wa tangi, wanabadilishana. Kipenzi cha wengi ni Ferguson TE20, iliyoundwa Coventry kati ya 1946 na 1956. Yaliundwa zaidi ya nusu milioni, na mengine bado yanawaka.

Sisi tunaosoma historia hapa Mbarara tuna haki ya kuuliza: ya kwetu yako wapi? Maana matrekta yalikuja Afrika Mashariki, tena kwa kishindo. Mwaka 1947 Uingereza, ikiwa na uhaba wa mafuta ya kupikia baada ya vita, ilianza mradi wa karanga Tanganyika, kwanza Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Ilipangwa kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Mashine mpya hazikutosha, basi wakachukua masalio ya jeshi, mengine kutoka Ufilipino. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Kichaka cha Kongwa kiliyashinda. Mizizi ilivunja vyuma, udongo ukakauka kama tofali, na spea zilikuwa ng'ambo. Mradi ulifutwa Januari 1951, pauni milioni 36 zikiwa zimepotea.

Uganda hadithi ni nyingine. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka, na wenye maduka ya spea walikuwa miongoni mwao. Fedha za kigeni nazo zikaadimika. Trekta lililokufa pampu likawa ghala la kuponya mengine.

Kwa hiyo fundi wa gereji naye hubadilishana vyuma kama yule Mwingereza, ila yeye anataka mashine ifike shambani kesho. Ekseli inakuwa mkokoteni. Rimu inaning'inizwa mtini, inakuwa kengele ya shule. Mtafiti anayetafuta trekta zima ndani ya jumba la makumbusho ataandika kwamba hatukuwa na historia ya mashine, na kwa maoni yangu atakuwa ameangalia pasipostahili.

Nakivale, makazi ya wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, inalionyesha jambo hili waziwazi zaidi. Huko kubadilishana ni riziki: mahindi ya mgao kwa mkaa, maharagwe kwa sabuni. Jembe la mkono ndilo trekta la wengi, na likishalika hadi kubaki kipande hupewa kazi ya kupalilia. Nani ataliweka kabatini? Aliyekimbia Kivu usiku alibeba sufuria na mtoto; hakubeba kitu kwa sababu ni cha kale.

Hata hivyo wale wakusanyaji wana ujuzi mmoja wa kuazima. Wao husoma namba zilizogongwa kwenye chuma, na kwa namba hizo wanajua mwaka mashine ilipotoka kiwandani. Rimu za kengele na ekseli za mikokoteni, kuanzia hapa Mbarara hadi Nakivale, huenda nazo zina namba zake. Kinachohitajika ni daftari, brashi ya waya, na ruhusa ya mwalimu mkuu.