Orodha ya Shule Bora na Wanafunzi Wasiohesabiwa

Kuzipanga shule za sekondari kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, kwa kutazama matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, kulikuwa kwa miaka mingi sehemu ya kawaida ya tangazo la matokeo nchini Tanzania. Utaratibu huo ulikoma Januari 2023, pale Athumani Amasi, aliyekuwa Kaimu Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), alipotangaza matokeo ya mwaka 2022 bila kutaja shule bora wala wanafunzi bora, kwa hoja kwamba kufanya hivyo hakukuwa na tija na kwamba Baraza lilikuwa likizitangaza shule kibiashara. Mjadala uliofuata ulihusu zaidi haki ya wazazi kupewa orodha, ilhali historia ya kipimo chenyewe inaonyesha kuwa swali zito lilikuwa jingine, yaani nani aliyehesabiwa na nani aliyeachwa nje ya hesabu.

Kipimo hicho hakikubuniwa kwa ajili ya kupima shule. Wakati wa ukoloni na miaka ya mwanzo ya uhuru, mitihani ya sekondari ilisimamiwa kutoka Cambridge, Uingereza, na lengo lake lilikuwa kumchuja mtahiniwa mmoja mmoja kwa ajili ya nafasi chache za masomo ya juu na kazi za serikali. Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na NECTA ikaundwa kwa Sheria Na. 21 ya mwaka 1973, lakini mtindo wa madaraja uliendelea kutumika. Katika mtindo huo masomo saba aliyofanya vizuri zaidi mtahiniwa hugeuzwa kuwa pointi, A ikiwa 1 na F ikiwa 5, na jumla yake ndiyo inayompa daraja: pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, na 34 au 35 ni sifuri. Mwenye C moja na F sita hupata pointi 33, sawasawa na mwenye D mbili na F tano, na wote wawili huingia daraja la nne, ambalo katika takwimu za ufaulu hujumlishwa pamoja na daraja la kwanza ingawa peke yake halimfikishi mwanafunzi kidato cha tano.

Hata mizani yenyewe haikutulia. Matokeo ya mwaka 2012, ambamo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, yalifutwa na kupangwa upya mwaka 2013 baada ya tume ya Waziri Mkuu kuyachunguza. Mwaka huohuo zikaletwa alama za B+ na E. Matokeo ya mwaka 2014 yakatolewa kwa wastani wa alama badala ya madaraja. Na mwanzoni mwa 2016 Waziri wa Elimu, Joyce Ndalichako, akaagiza madaraja yarudishwe. Kutokana na mabadiliko hayo, mtahiniwa aliyepata alama 42 katika somo alihesabiwa kuwa na C katika matokeo ya 2013 na D katika matokeo ya 2015, hivyo shule iliyoonekana kupanda au kushuka katika kipindi hicho huenda haikubadilika hata kidogo.

Ulinganisho wa shule kwa shule ulikuwa na kasoro kubwa zaidi. Tangu mwaka 2004, chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES), kila kata ilihimizwa kujenga sekondari yake, na shule hizo za kata, nyingi zikiwa za kutwa zenye upungufu wa walimu wa sayansi na hisabati, ziliwekwa katika orodha moja na shule binafsi za bweni zenye mitihani yao ya kujiunga, pamoja na shule za serikali za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha na Mzumbe, ambazo hupokea waliofaulu zaidi darasa la saba. Baraza lilitenganisha vituo vyenye watahiniwa wachache na vyenye wengi, ili shule ndogo isizipite kubwa kwa sababu ya udogo wake tu, lakini halikutenganisha shule zilizochagua wanafunzi na zile zilizopokea kila aliyepangiwa.

Mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, ulioanza mwaka 2013, uliifanya orodha kuwa chombo rasmi cha kuwawajibisha walimu. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, walipochunguza athari zake katika shule za msingi, waligundua kwamba shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao ziliinua ufaulu, lakini pia kwamba baadhi ya wanafunzi walizuiwa kufika darasa la mwisho, kwa kuwa asiyefanya mtihani hawezi kuishusha shule.

Uzito wa kutowahesabu wasiofika kwenye mtihani huonekana vizuri katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita. Rwamgasa, iliyoko Wilaya ya Geita, imejulikana kimataifa kwa uchimbaji mdogo tangu ilipochaguliwa katika miaka ya 2000 kuwa eneo la mradi wa Umoja wa Mataifa wa kupunguza matumizi ya zebaki. Katika machimbo ya aina hiyo kazi haiishii ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia, kwani kuna kuponda mawe, kuyasaga kwenye mashine ya karasha, kuosha mchanga mwaloni na kuchoma dhahabu iliyoshikana na zebaki, na karibu kila hatua ina kazi inayoweza kumpa kijana ujira wa siku hiyohiyo. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2013 kuhusu machimbo ya Geita, Shinyanga na Mbeya ilieleza jinsi watoto walivyokuwa watoro au walivyoacha shule kabisa kwa ajili ya kazi hizo. Kufutwa kwa ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne kuanzia Januari 2016 kuliondoa kikwazo kimoja, lakini hakukuondoa mvuto wa ujira huo.

Ikichukuliwa kwa mfano shule ya kata iliyoandikisha wanafunzi 120 kidato cha kwanza, ambao 60 kati yao wakafika mtihani wa mwisho na 50 wakafaulu, kwa hesabu ya kawaida ufaulu wake ni asilimia 83, ilhali kwa hesabu ya walioandikishwa ni asilimia 42. Shule jirani iliyopokea idadi hiyohiyo, ikawafikisha 110 kwenye mtihani na 77 wakafaulu, hupewa asilimia 70 na kuwekwa chini ya ile ya kwanza, ingawa imewafaulisha vijana 27 zaidi. Katika eneo la machimbo, kumbakiza mwanafunzi darasani ndiyo sehemu ngumu ya kazi ya mwalimu, na ndiyo sehemu ambayo orodha haikuwahi kuipa pointi.

Kuacha kutangaza, kwa hiyo, hakukutatua tatizo, kwani NECTA imeendelea kuchapisha matokeo ya kila shule na yeyote anaweza kuyapanga apendavyo. Uingereza, iliyoanza kuchapisha majedwali ya shule mwaka 1992, ilifikia mwaka 2016 kipimo kinacholinganisha matokeo ya mwanafunzi na ya wenzake walioanza sekondari wakiwa na kiwango kama chake. Tanzania inayo malighafi ya hesabu kama hiyo katika matokeo ya darasa la saba, ya upimaji wa kidato cha pili na ya kidato cha nne, pamoja na rejesta za uandikishaji, na orodha itakayounganisha kumbukumbu hizo itakuwa ya kwanza kuitendea haki shule ya kata inayoshindana na karasha.