Maji ya Nile na Sheria

Msomaji, maji ya mto Nzoia huingia Ziwa Victoria, kisha hufuata Nile hata Misri. Je, maji hayo ni ya nani?

Mwaka 1929 Uingereza na Misri zilipatana kwa barua kwamba katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza isifanywe kazi yoyote ya kupunguza maji yaendayo Misri, ila kwa idhini ya Misri. Wenyeji wa kando ya ziwa hawakuulizwa. Mwaka 1959 Misri na Sudani zikagawana mto: Misri mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka, Sudani bilioni 18.5. Nchi nyingine hazikutengewa fungu.

Mwaka 1962 Tanganyika iliandika kwamba mapatano ya 1929 hayapatani na uhuru wake. Mkataba mpya, uliotiwa sahihi Entebbe mwaka 2010, ulipata nguvu ya sheria tarehe 13 Oktoba 2024, lakini bila sahihi za Misri na Sudani. Shauri halijakwisha.

Basi, ewe kijana upendaye sheria, baada ya shahada ya kwanza waweza kusomea shahada ya juu ya sheria ya maji ya kimataifa. Mapatano yatakapoandikwa tena, watu wa ziwa watahitaji msemaji wao.