Mbegu, Mavuno na Funguo za Sanduku

Vitabu vya jubilei ya miaka mia moja huandika kwa kirefu juu ya jiwe la msingi, kwaya, kengele na orodha ya wachungaji waliotumika. Fedha hupewa mstari mmoja, kwamba washarika walitoa kwa moyo wa ukunjufu. Kamati iliponiomba sura ya historia, nilichagua habari za fedha, na hasa yale yaliyotokea kati ya 2007 na 2009. Wengi walioumia miaka ile bado wanaketi katika mabenchi yetu, na karibu wote wamenyamaza. Wajukuu wao wanastahili kujua.

Kanisa la Kilutheri la pande hizi za Ziwa Victoria lililelewa kwa sehemu kubwa katika Uamsho, ule ulioanza Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 ukaenea hadi Buhaya. Wahaya waliohamia Mwanza kwa kazi na biashara walikuja nao. Aliyeokoka alisimama mbele ya ndugu akataja alichoiba, akakirudisha kwa mwenyewe, akalipa madeni yake. Kukopa tu kulitazamwa kwa mashaka. Wapo waliokosoa ukali huo, nami naona ulizidi kipimo mahali pengine, maana mkulima asiye na mkopo wa mbegu hubaki maskini wa heshima. Lakini katika makundi yale haikuwa rahisi mtu kutajirika ghafula bila ndugu kumwuliza ametoa wapi.

Msukuma wa vijijini naye alikuwa na shule yake ya fedha, nayo ilikuwa mizani ya pamba. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wakulima wa Jimbo la Ziwa walilalamika kwamba wanunuzi binafsi huwapunja katika kupima, wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe. Kutokana na malalamiko hayo kilizaliwa chama cha wakulima cha mwaka 1952 chini ya Paul Bomani, na mwaka 1955 Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililokuja kuhesabiwa miongoni mwa makubwa barani Afrika. Ajabu ni kwamba waliodai mizani ya haki hawakusalimika wao wenyewe. Mwaka 1966 tume iliyoundwa na Rais Nyerere ilikuta ubadhirifu na upendeleo katika ushirika nchini kote, na mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu vya ushirika. Nalitaja hili kwa sababu wazee wa baraza waliotunza sadaka zetu wengi walikuwa wakulima haohao. Walijua kwa uzoefu kwamba kuwa ndugu wa mtu hakumfanyi apime sawasawa.

Kisha mji ulibadilika. Kuanzia miaka ya 1990 viwanda vya minofu ya sangara vilileta fedha nyingi na za haraka Mwanza, na mwaka 2000 mgodi mkubwa wa dhahabu ulianza uzalishaji Geita. Kijana aliweza kurudi kutoka visiwani na fedha ambazo baba yake hakuzipata kwa misimu kumi ya pamba, naye mwenzake wa chumba akarudi mikono mitupu. Hakuna aliyeweza kueleza tofauti yao kwa bidii ya kazi. Hapo ndipo swali la kale likapata nguvu mpya: siri yake ni nini?

Majibu mawili yalitolewa katika miaka ileile, na yote yalifika milangoni petu. La kwanza lilikuwa la damu. Ndugu zetu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa imani kwamba viungo hivyo huvuta dhahabu na samaki, hata Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda akatangaza kufuta leseni za waganga wa jadi. Jibu la pili lilivaa suti na kushika Biblia. Sisemi kwamba makosa hayo yalingana, Mungu aepushe. Nasema yalijibu swali lilelile.

Hilo la pili liliitwa DECI. Lilianza mwaka 2007 Dar es Salaam, likiongozwa na wachungaji wa Kipentekoste, likafungua matawi mikoani, Mwanza ikiwamo. Mwanachama hakuambiwa kwamba anaweka akiba wala ananunua hisa. Aliambiwa anapanda mbegu, na kwamba baada ya majuma kadhaa atavuna maradufu na zaidi. Maneno hayo yalikuwa yetu. Mtume Paulo aliyaandika katika Wakorintho wa Pili, sura ya 9, alipokuwa akikusanya msaada kwa maskini wa Yerusalemu, na kila mchungaji ameyahubiri siku ya mavuno. Msharika aliyeyasikia kanisani asubuhi hakuona sababu ya kuyatilia shaka dirishani mwa DECI siku ya pili yake.

Wapo waliovuna kweli, na hao ndio waliowaleta wengine. Mavuno yao hayakutoka shambani, bali yalitoka mfukoni mwa aliyepanda nyuma yao. Tufanye hesabu ya shule ya msingi: watu kumi wakilipwa kwa fedha za ishirini, na ishirini kwa fedha za arobaini, baada ya mizunguko 17 watahitajika wapandaji wapya 1,310,720. Kabla ya kufika hapo watu huisha.

Sheria iliuita mchezo huo upatu, nami nalisikitikia neno hilo. Upatu wa mama zetu sokoni Kirumba ni jambo jema: wanawake kumi hutoa shilingi elfu tano kila mmoja, mmoja hupokea elfu hamsini, na zamu huzunguka hadi kila mmoja apate. Hakuna anayezidishiwa wala anayepunjwa, na wote wanajuana kwa sura. Neno la watu waaminifu liliishia katika kifungu cha 171A cha Kanuni ya Adhabu.

Mwaka 2009 serikali iliifunga DECI, na viongozi wake wakashtakiwa katika Mahakama ya Kisutu kwa kuendesha upatu na kupokea amana za umma bila leseni. Agosti 2013 wanne walitiwa hatiani, wakapewa kifungo cha miaka mitatu au faini. Yafaa kukumbuka kwamba mwaka 2008 taifa zima lilikuwa likiwalaani mafisadi wa EPA na shilingi bilioni 133 zilizochotwa Benki Kuu. Tuliwalaani tukiwa katika foleni ya kupanda.

Wasiojua husema walioingia walikuwa na tamaa. Kwa baadhi ni kweli. Lakini mwalimu aliyepanda ada ya mtoto, au mjane aliyepanda fedha za mashua ya marehemu, hakutafuta jumba la kifahari. Aliumia mara mbili, kwanza kwa hasara, kisha kwa aibu, kwa kuwa kulalamika kungekuwa kukiri. Hivyo hakulia mbele ya kanisa, na kanisa halikumfariji.

Sisi Walutheri tulikuwa na kinga ambayo hatukuitumia vizuri. Kanisa letu lilizaliwa katika kesi ya fedha: mwaka 1517 Martin Luther alipinga uuzaji wa vyeti vya msamaha, ambao sehemu ya mapato yake ililipa deni la Askofu Mkuu Albrecht kwa benki ya Fugger. Jambo hilo twalikumbuka kila Oktoba. Tunalolisahau ni la mwaka 1523, mji wa Leisnig ulipounda sanduku la pamoja la kanisa na maskini, naye Luther akaliandikia utangulizi. Sanduku lilikuwa na makufuli manne. Funguo zilishikwa na makundi manne, yaani wakuu, baraza la mji, wenyeji wa mjini na wakulima, na wasimamizi kumi walitoa hesabu mbele ya mkutano mara tatu kwa mwaka. Mchungaji hakupewa ufunguo.

Leisnig yenyewe haikufanikiwa mara moja, kwa kuwa baraza la mji lilikataa kuachia mali lililokuwa nayo. Hata hivyo utaratibu ule ndio babu wa mhasibu, mtunza hazina na wakaguzi wetu, na wa ile taarifa ya mapato na matumizi isomwayo katika mkutano wa usharika, saa ambayo nusu ya washarika wamekwisha kutoka kutafuta daladala, na waliobaki hutazamana kuona kama yupo atakayeuliza swali.