Amebahatika

Mrina asali wa Usinge, Tabora, akirudi na ndoo zimejaa, jirani husema: "Amebahatika." Bahati ni neno la asili ya Kiajemi, sisi tumelivika kauli ya kutendeka, kana kwamba asali ilimfuata mtu amelala.

Kweli, katika miombo ya Tabora nyuki hawaswagwi kama ng'ombe. Huingia mzingani wakipenda. Bahati ipo, sibishi. Lakini nani aliyechagua mti ulio karibu na maji, akajua msimu wa kutundika, akapaka nta ndani ya mzinga ili harufu iwavute? Mzinga uliotundikwa ovyo hukaliwa na mijusi.

Kitenzi cha pili cha neno bahati, kubahatisha, angalau kina mtenda, ila tumewaachia wanafunzi wanaokisia majibu ya mtihani!

Hata Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi aliyeifunga njia ya misafara ya Ujiji mwaka 1871, hakuchagua Urambo yake iwe kando ya njia hiyo; hiyo ilikuwa bahati. Kuifunga ndiko kulikotaka akili.

Wahariri, mkimwandika mfugaji nyuki aliyevuna vizuri, andikeni "amefanikiwa," kisha mtaje na mvua iliyomsaidia.