Kabla ya Mota, Breki

Mwaka 1974 Joginder Singh, yule Simba wa Kenya, alishinda Safari Rally kwa Mitsubishi Lancer. Mwaka huohuo huko Marekani, Atari walitoa Gran Trak 10, mashine ya kuchezea kwa sarafu yenye usukani, gia na pedali mbili. Gari lenyewe lilikuwa vidoa vyeupe kwenye skrini nyeusi, na usukani ulizunguka tu, haukukwambia lolote kuhusu barabara.

Mwaka 1989 ulikuwa ukisema, kwenye Hard Drivin' ya Atari Games. Nyuma ya usukani kulikuwa na mota iliyobishana na mikono yako. Watu huikumbuka mota hiyo. Mimi naikumbuka breki: haikupima pedali imeshuka kiasi gani, ilipima mguu unakandamiza kwa nguvu kiasi gani. Na ndivyo gari linavyosimama, jamani. Muulize dereva wa Noah anayeteremka mlima Sekenke kama huwa anahesabu sentimita.

Logitech G25 ya 2006 ilileta nyumbani usukani wa nyuzi 900, klachi na gia, lakini breki yake ilirudi kupima umbali. Halafu 2021 ikaja Fanatec CSL DD: usukani umekaa moja kwa moja kwenye mota, bila mkanda wala meno, nguvu nyutonimita 5, zaidi ya mara mbili ya G29.

Mpwa wangu hapa Singida Mjini anaitaka hiyo. Ana hela za msimu mmoja wa alizeti, basi. Nimemwambia: mota ile ukiifunga kwenye meza ya chakula, meza ndiyo itakayokata kona. Chukua G29 ya mtumba, chenji inayobaki iende kwenye pedali zinazopima nguvu ya mguu. Fundi wa kuchomelea akuungie fremu ya skwea paipu, uweke kiti cha gari bovu. Gemu ianze na Richard Burns Rally ya 2004, ambayo kompyuta ya zamani inaibeba. Burns mwenyewe alishinda Safari mara mbili, 1998 na 2000.

Ila aachane na PlayStation. Kwenye kompyuta, pedali zenye waya wake wa USB hukaa na usukani wa kampuni nyingine bila ugomvi. PlayStation kwa kawaida inataka kila kitu kipitie kwenye usukani, na hapo atalazimika kununua seti nzima upya.