Pampu ya dozi ya sayanaidi: makosa ya kufunga yanayoweza kuua

Kuanzia Nyarugusu mkoani Geita hadi Mwakitolyo, Shinyanga, sayanaidi hutumika kutoa dhahabu kwenye marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa na kuoshwa. Mtambo ukikua, mwenye mali anaachana na kumwaga kemikali kwa ndoo, ananunua pampu ya dozi: pampu ndogo inayosukuma kiasi kilekile kila dakika. Kuifunga kunaonekana kazi ya nusu saa. Siyo.

Kabla ya pampu, chokaa. Sayanaidi hutulia ndani ya maji pale tu chokaa inapotosha, pH ikiwa 10.5 hivi. Ikishuka mpaka 9.2, karibu nusu ya sayanaidi inakuwa imegeuka haidrojeni sayanaidi, ambayo hutoka majini kama gesi na inaweza kuua ndani ya dakika chache. Ina harufu, lakini si kila mtu anaweza kuinusa.

Ndiyo maana pampu hii haipewi swichi yake peke yake. Fundi umeme aiunganishe na pampu ya tope: tope likisimama, dozi nayo isimame. Kipimo cha pH kiunganishwe hivyohivyo. Mpira wa chokaa huziba mara kwa mara, na pampu ya sayanaidi haina habari, itaendelea tu.

Imezimwa, lakini inamwaga

Hili ndilo kosa gumu kuliona. Tangi la kemikali likikaa juu kuliko tangi la tope, sayanaidi inaweza kujivuta yenyewe na kupita ndani ya pampu iliyozimwa, kama dizeli inavyotoka kwenye tangi la gari ikishanyonywa kwa mpira. Usiku mzima.

Kinga yake ni valvu yenye springi inayofungwa pale kemikali inapoingilia kwenye tope, kuzuia kujivuta huko. Ikija ndani ya boksi isiachwe kando eti inapunguza nguvu ya pampu. Iwepo pia valvu ya usalama: bomba likiziba mbele, kemikali irudi tangini badala ya kupasua mpira na kumrukia mtu usoni. Mshale ulio kwenye valvu uelekee kemikali inakokwenda.

Koki za shaba na mabomba yaliyopakwa zinki hayafai hapa. Kemikali inayoyeyusha dhahabu inayeyusha na hayo. Tumia plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu.

Jaribu kwa maji kwanza

Maji safi, siyo kemikali. Washa, kagua kila kiungio, kisha acha pampu ivute maji kwenye chupa yenye alama za mililita kwa dakika moja, ikisukuma kwa presha ya kazi. Zikienda mililita 300, hiyo ni lita 18 kwa saa. Namba ya kwenye kibao cha pampu ni ya kiwandani. Ya kwako ni hii, iandike ukutani.

Kama mtambo unaosha kaboni kwa asidi, asidi ikae sehemu nyingine kabisa, na mvujo wake usiweze kufika kwenye sayanaidi. Vikikutana, gesi hutoka palepale.

Sayanaidi inasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya kemikali ya mwaka 2003. Usalama wa wafanyakazi uko chini ya OSHA.

Mtu akianguka karibu na tangi, wenzake wasimkimbilie bila kifaa cha kupumulia. Wengi hufa wakiokoa. Akishatolewa avuliwe nguo, aoshwe kwa maji mengi, apewe oksijeni kama ipo. Asipuliziwe hewa mdomo kwa mdomo. Na hospitali iambiwe mapema kwamba ni sayanaidi, kwa sababu ina dawa yake maalumu.